Shajara ya mradi: taishokota ya Mombasa yarudi Nagoya, na umeme wa hezi za aina mbili

20 Machi 2024, Mombasa

Naanza kuandika kabla hatujasafiri, manake nataka mwenye kutaka kufanya kazi kama hii aione njia nzima, asione picha za mwisho tu. Kazi yenyewe ni ya jukwaani, haina hadithi wala mazungumzo, inakwenda kama saa moja. Mpigaji mmoja wa taishokota, mcheza dansi mmoja, na mvumo wa umeme wa lile jengo tunalochezea. Mvumo huo ndio mchezaji wa tatu.

Taishokota mwaijua, ile ala ya nyuzi ya taarab ya Mombasa yenye vibonyezo vya namba kama taipureta. Ukiskiza rekodi za Zuhura Swaleh utaisikia inakwenda mbio, kali, imepitishwa kwa amplifaya. Wengi tumekua tukidhani ni ya Kihindi kwa sababu Wahindi nao wanayo, wao wanaiita bulbul tarang, lakini asili yake ni Nagoya, Japani. Aliyeibuni ni Morita Goro, mtoto wa nyumba ya wageni mtaa wa Osu, mwaka 1912, mwaka wa kwanza wa enzi ya Taisho. Leo kule wanaoipiga wengi ni watu wazima, kwa vikundi, kwenye kumbi za mtaa, pole pole na kwa adabu. Huku kwetu imeishi kwenye harusi, ikazoea kupigwa kwa nguvu.

Mpigaji wetu ni ami yangu, na ana amplifaya ya zamani inayovuma hata kabla hajagusa uzi. Kila fundi aliyewahi kuishika alijaribu kuutoa ule mvumo. Sisi tukaamua kuufuata. Umeme wa Kenya ni hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na chuma cha transfoma hutikisika mara mbili kwa kila mzunguko, kwa hivyo kinachovuma ni hezi 100. Nyuzi kuu za taishokota kawaida hutiwa G, hezi 392. Tukazipandisha kidogo tu mpaka 400, mara nne ya mvumo kamili, na hapo ala na amplifaya zikashikana, chumba kizima kikawa kinaimba. Ami akaweka kipigio chini akaniambia, "Mwanangu, hii sasa ni zumari ya mtu asiyevuta pumzi."

Wenzetu wa Japani ni watatu. Dada mcheza dansi wa Nagoya aliyefunzwa butoh (ile dansi ya Kijapani aliyoianzisha Hijikata Tatsumi mwaka 1959 na Ohno Kazuo akaikuza, huyu wa pili alicheza hata baada ya kupita miaka 90), fundi sauti wa Kyoto, na mtu wa taa wa Yokohama ambaye pia ana leseni ya ufundi umeme. Hiyo leseni ishikeni, itarudi mara nyingi humu.

Pesa: ruzuku ndogo ya safari, na tiketi tutakazouza. Yen iko chini sana mwaka huu, yen 100 ni kama shilingi 85 za Kenya, jambo linalotusaidia kwa chakula na kutuumiza kwa malipo.

2 Mei 2024: karatasi

Hii ni fupi lakini msiiruke. Ukienda Japani kutumbuiza kwa malipo, viza ya mgeni haifai, unahitaji ile ya watumbuizaji, na kabla ya viza mwenyeji wako kule aombe cheti cha uhamiaji kinachosema unastahili. Cheti chachukua kati ya mwezi mmoja na mitatu. Sisi tuliomba mapema kikarudishwa kwa sababu maelezo ya kazi yalikuwa mafupi, walitaka ratiba, anwani ya kila ukumbi, malipo ya kila mtu. "Mvumo wa umeme" haukueleweka, tukaandika "muziki na dansi ya kisasa", kikapita.

La pili ni kodi. Msanii asiye mkazi hukatwa 20.42% ya malipo yake pale pale, kabla hajaishika pesa. Bajeti yetu ya kwanza haikuwa nayo, na moja ya tano ya malipo ya Ami ikawa imeyeyuka kwenye karatasi kabla hata ya kukata tiketi ya ndege. Tukapandisha malipo yake kwa kupunguza usiku wa hoteli, sote tukakubali kulala kwenye nyumba za wenzetu.

11 Juni 2024, Nagoya: nyuzi zinakatika

Tumefika. Joto na unyevu kama Mombasa ya Aprili, mvua ya msimu inakaribia. Mazoezi twafanyia darasa la shule ya msingi iliyofungwa kwa kukosa watoto, shule za namna hii ziko nyingi sasa nchini kote na baadhi zimegeuzwa nyumba za sanaa. Sakafu ya mbao, ubao bado upo.

Tukafungua amplifaya, tukaiunga kwa transfoma ya kupandisha umeme (Japani ni volti 100, yetu yataka 240, transfoma tumenunua hapa kwa yen 23,000), Ami akapiga uzi wa kwanza, na mambo yakaharibika papo hapo. Hazishikani. Mvumo uko juu, nyuzi ziko chini, zinagombana, sikio linauma.

Fundi sauti akacheka akasema bila shaka, hapa ni 60. Sijui vipi hakuna kati yetu aliyelitaja hili katika mazungumzo yote ya mtandaoni, wao kwao ni jambo la kila siku na sisi hatukujua la kuuliza. Japani ina umeme wa aina mbili. Miaka ya 1890 Tokyo ilinunua jenereta za Ujerumani za hezi 50, Osaka ikanunua za Marekani za hezi 60, na mifumo hiyo miwili haijafanywa kuwa mmoja mpaka leo. Mpaka unapita mto Fuji mkoa wa Shizuoka ukapanda hadi Itoigawa upande wa bahari ya pili. Mashariki yake 50, magharibi 60. Mwaka 2011 baada ya tetemeko, Tokyo ilikosa umeme na magharibi wasingeweza kuwapelekea wa kutosha kwa sababu mitambo ya kubadilisha hezi ilikuwa michache.

Kwa sisi maana yake ni hii: Nagoya na Kyoto ni 60, Yokohama ni 50 kama kwetu. Mvumo hapa ni hezi 120. Mara nne yake ni 480. Tukasema basi tupandishe nyuzi mpaka 480, Ami akaanza kukaza, taratibu, sote tumeinama juu ya ala, na uzi wa kwanza ukakatika ukamchapa kidoleni. Wa pili vile vile. Hesabu ilikuwa wazi laiti tungeifanya kabla ya kukaza: kutoka 400 kwenda 480 ni moja nukta mbili, lakini mkazo wa uzi unakwenda kwa mraba, kwa hivyo uzi unabeba asilimia 44 zaidi. Nyuzi hizi hazikutengenezwa kwa hilo, wala shingo ya ala ya miaka 40. Gharama: seti mbili za nyuzi, yen 1,200 kila moja, na kidole cha Ami bendeji siku kadhaa.

24 Juni 2024: 360

Suluhisho limepatikana kwa kushuka. 120 mara tatu ni 360. Kutoka 400 kwenda 360 mkazo unabaki asilimia 81, uzi unalegea kidogo, ukipigwa kwa nguvu unakwaruza kwenye vibonyezo, lakini haukatiki. Ami amebadilisha kipigio, ametoa kile kigumu cha plastiki akachukua chembamba, na anapiga karibu zaidi na daraja, kile kipande kinachobeba nyuzi. Ukwaruzaji umepungua mpaka ukawa kama sehemu ya sauti.

Lakini si kuhama sauti tu. Kwetu ilikuwa mara nne, sauti ile ile mara mbili juu, imetulia kabisa. Hapa ni mara tatu, kwa hivyo uzi hauanguki juu ya mvumo wenyewe, unaanguka kwenye sauti ya tano yake. Unasikika umesimama pembeni, unangoja. Nyimbo zote tulizopanga Mombasa zilianza kwa utulivu, hapa zinaanza kwa swali. Kwa muda tulijaribu kulazimisha mpangilio wa zamani na dada mcheza dansi akawa anasimama tu, hachezi. Tulipomuuliza akasema muziki unamwambia kitu kimoja na chumba kinamwambia kingine, na mwili wake unaskiza chumba.

Tukaufuta mpangilio wa Mombasa. Dakika 20 za kwanza zote zimetupwa. Mimi iliniuma, nilikuwa nimezipenda, lakini alivyosema ndivyo ilivyo na ukiwa mle ndani unaona.

Mwenye kuiga: kabla ya kutunga chochote, uliza hezi. Tuna jedwali hili ukutani sasa: mashariki, mvumo 100, nyuzi 400. Magharibi, mvumo 120, nyuzi 360.

9 Julai 2024: athi

Tatizo jipya. Ami alikuwa akigusa daraja la chuma la ala anasikia kutekenywa vidoleni. Mwanzo alidhani ni lile jeraha, halafu nikashika mimi nikakisikia. Soketi za kawaida Japani ni za matundu mawili, hazina athi (waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja), na amplifaya yetu ni ya pini tatu, imeundwa itegemee athi. Kupitia transfoma ile umeme mdogo unavuja hadi kwenye chuma cha ala. Mtu wa taa alipopigiwa simu alisema zimeni kila kitu sasa hivi, akapanda treni siku hiyo hiyo kutoka Yokohama.

Wenye mradi kama huu mtafute hivi: kwenye majengo ya Japani, soketi ya mashine ya kufulia, ya kiyoyozi au ya maikrowevu jikoni mara nyingi huwa na skrubu ndogo ya athi pembeni. Alivuta waya kutoka jikoni la walimu mpaka darasani, akapima, akafunga. Nyaya za ukutani zenyewe hakuzigusa bila ruhusa ya wenye jengo, na asiye na leseni asijaribu kabisa, ni sheria na ni uhai.

Kutekenya kukaisha. Na mvumo nao ukaisha! Sehemu kubwa ya ile sauti nene tuliyoipenda Mombasa ilikuwa ni ukosefu wa athi nzuri. Tukakaa kimya darasani tukitazamana, mradi mzima umejengwa juu ya hitilafu na hitilafu imetengenezwa.

Ilikuwa jioni, mtu akawasha taa. Darasa lina tyubu za zamani zenye choki (kile kipande cha chuma na waya kinachozuia umeme usizidi kwenye tyubu), na zikaanza: stata zinagonga tik tik, tyubu zinapepesa, halafu choki zinashika, mmmm, kila moja kwa wakati wake. Fundi sauti alikuwa na kipaza sauti kidogo cha kubandika mfukoni, aina inayoshika mtikisiko wa chuma, akapanda meza akakibandika chini ya choki moja, akakipeleka kwa spika. 120 safi, na juu yake 240, 360, zote zimo. Uzi wa Ami ulikuwa tayari ndani ya ile choki.

Tangu siku hiyo amplifaya ina athi, Ami yuko salama, na mvumo unatoka kwenye taa. Dada anacheza chini ya tyubu moja kwa moja, kila ikiwaka anaipokea. Zile stata zinazogonga bila mpango zimekuwa ngoma yetu, hakuna usiku zinalingana.

25 Julai 2024: nguo na moto

Jukwaa letu lilitakiwa lifunikwe na kanga zilizotundikwa, wazo la dada baada ya kuona kanga ya marehemu nyanya yangu, ambayo pindoni ina chapa kwamba ilitengenezwa Japani. Miaka ile viwanda vya Japani vilichapa kanga nyingi za kuuzwa pwani yetu, na dada hakuwahi kusikia hilo, alikaa nayo magotini muda mrefu akifuata mstari wa rangi kwa kidole.

Sheria ya zimamoto ya Japani inasema kitambaa chochote kinachotundikwa jukwaani kiwe cha kuzuia moto na kiwe na lebo yake. Tukanunua dawa ya kuzamishia, galoni ya lita 4 kwa yen 8,500, tukaanza na kanga mpya. Unazamisha, unakamua, unaanika kivulini, ukikauka unapima kipande kwa kiberiti. Pamba inaipokea dawa vizuri, haikushika moto. Lakini rangi! Nyekundu ikatoka ikaingia kwenye nyeupe, maandishi yote yakawa mekundu hafifu, na kitambaa kikakakamaa. Kanga nne ziliharibika hivyo kabla hatujaacha. Ya nyanya, alhamdulillahi, hatukuigusa.

Na hata ingefaulu, ukumbi ungetaka lebo. Kwa hiyo nyuma tumetundika kitambaa cheupe cha dukani chenye lebo tayari, yen 31,000 kwa jukwaa zima, na kanga tumezivaa. Mavazi ya mwilini hayamo kwenye sheria hiyo. Dada anacheza amejifunga ile ya nyanya, kwa ruhusa ya mama yangu kwa simu, aliyeuliza jambo moja tu, kama anajua kuifunga. Ami alimfundisha, kisha mama akataka kumuona kwa video akarekebisha mwenyewe.

Udi nao tuliupanga uchomwe mwanzoni. Moto wowote jukwaani ni marufuku mpaka uombe ruhusa kituo cha zimamoto mapema, na michoro ya kila kitu. Ukumbi wa Nagoya ulikubali, tukapata. Kwingine tuliacha, muda haukutosha.

4 Agosti 2024: onyesho la Nagoya

Limefanyika, mle mle darasani, viti 40 vimejaa, tiketi yen 3,500.

Kikubwa cha kuandika ni wale kina mama. Kuna kikundi cha taishogoto (ndivyo Wajapani wanavyoiita taishokota) cha mtaa, wengi wana miaka 70 na kitu, wanapiga kwa karatasi za namba. Tuliwaomba waingie dakika kumi za mwisho, wote washike uzi mtupu kwa kutetemesha kipigio, wasibonyeze chochote. Mwalimu wao mwanzo alikataa: kushusha ala zote kutoka 392 hadi 360 aliona ni kuziharibia sauti, na kuingia kwenye spika aliona ni kelele. Hatukumbishia. Ami aliomba tu akae kati yao siku ya mazoezi yao, akajifunza wimbo wao mmoja kwa namba zao, anapiga vibaya na wanamsahihisha, na baada ya chai mmoja akamuuliza huko kwenu mnapigaje. Akapiga. Yule mama akaomba kuigusa ala ya Ami, akaikagua vibonyezo, akasema ya babake ilikuwa hivi hivi.

Wiki iliyofuata wote walikuja wameshusha. Nyuzi zao ni nene kuliko za Ami, zilikwaruza sana, dawa ilikuwa kupiga karibu na daraja na kwa wepesi. Siku ya onyesho, zile ala zote kwenye 360 na tyubu zote zimewaka, sakafu ya mbao ilitetemeka miguuni mwa watu. Mimi nilikuwa kwenye meza ya sauti na nilishusha spika zote mpaka sifuri, haikuhitajika tena.

26 Agosti 2024, Kyoto: hakuna mvumo

Katikati hapa mambo yaliyumba. Tarehe 8 Agosti kulitoka tahadhari ya tetemeko kubwa la upande wa Nankai baada ya tetemeko la kusini, treni za mwendo kasi zikapunguzwa kasi baadhi ya sehemu, na watu kadhaa walirudisha tiketi za Kyoto. Tulirejesha pesa zote bila maswali.

Ukumbi wa Kyoto ni mzuri, mpya, safi, na taa zote ni LED. Kimya kabisa. Hili tulilijua wiki moja kabla kwa picha, na fundi sauti akatengeneza mvumo wa 120 kwenye laptopu, unatoka kwa spika. Kwenye mazoezi ilikuwa sahihi kwa hesabu na imekufa. Hata alipoongeza 240 na 360 na zaidi haikuwa kitu, manake choki ya kweli inayumba kidogo, inapata joto, inabadilika voltiji ikishuka mtu akiwasha kiyoyozi. Dada alisema haina mwili. Tukaizima.

Mimi na mtu wa taa tukarudi Nagoya, Osu, mtaa ule ule wa Morita, ambao leo ni mtaa wa vifaa vya umeme na vya mitumba. Tukazunguka maduka ya vitu chakavu tukipata fremu za tyubu za zamani zenye choki na stata, kati ya yen 500 na 1,000 kila moja. Ni wakati wa kuzinunua kwa kweli, nchi zimekubaliana kusimamisha utengenezaji wa tyubu hizi mwisho wa 2027, na watu wanazitupa. Tukachukua nane, tyubu zenyewe mpya, stata za akiba.

Mtu wa taa akazifunga kwenye fremu ya mbao, kila moja na swichi yake, akazipima athi, ukumbi wakakagua wakaidhinisha. Tukacheza usiku mbili. Sasa taa ni zetu, zinakaa chini usawa wa mtu, na dada anaweza kuzikaribia mpaka uso wake uko kwenye choki. Hii ni bora kuliko Nagoya kwa kuona, ingawa si kwa sauti, sakafu ya Kyoto ni ya saruji na haijibu.

2 Septemba 2024, Yokohama: kimbunga na joto

Kimbunga namba 10 kiliingia Kyushu tarehe 29 kikawa kinatembea pole pole mno. Safari yetu ya Kyoto kwenda Yokohama ilikuwa tarehe 30, na siku hiyo na iliyofuata treni za mwendo kasi kati ya Nagoya na Mishima zilisimamishwa kutwa nzima. Vitambaa, amplifaya na transfoma tulikuwa tumevituma kwa kampuni ya kusafirisha mizigo, nayo ikasema haijui vitafika lini.

Tulizunguka kaskazini: Kyoto hadi Tsuruga, halafu treni ya Hokuriku mpaka Tokyo. Njia hiyo imefika Tsuruga mwezi Machi mwaka huu tu, mwaka jana tusingekuwa nayo. Karibu yen 20,000 kwa kila mtu badala ya 13,000 na kitu, na tiketi za treni zilizofutwa zilirudishwa pesa kamili. Watu walikuwa wamejaa mpaka vestibuli. Fremu za tyubu tulizibeba wenyewe na hilo ndilo lililotuokoa. Angalieni: kwenye njia ya Tokaido, mzigo ambao urefu, upana na kimo ukijumlisha unapita sentimita 160 lazima uuwekee kiti maalum, na ukipita 250 haupandi. Tyubu ya sentimita 120 ikiwa kwenye sanduku inapita 160 haraka sana. Kuhusu Hokuriku, ile treni inavuka umeme wa 50 na wa 60 zaidi ya mara moja njiani, fundi sauti alitoa kile kipaza sauti akaskiza safari nzima, hakupata kitu cha kutumika lakini alifurahi.

Yokohama ni 50. Tukarudisha nyuzi 400, Ami kafurahi kama amefika nyumbani. Tukawasha taa. Mvumo 100, mzuri, mzito zaidi. Baada ya dakika kumi na kitu nikasikia harufu, mtu wa taa akaikimbilia swichi kuu. Choki zilikuwa moto hauguziki, moja imeanza kutoa lami. Alipogeuza fremu ikaonekana wazi kwenye kibandiko: 60Hz. Tulizinunua Nagoya, ni za magharibi. Choki ya 60 ukiiweka kwenye 50 inapitisha umeme mwingi kuliko ilivyoundwa, inapata moto, mwisho inaungua. Hapa kulikuwa na hatari ya kweli, dada alikuwa na uso wake sentimita chache kutoka hapo.

Usiku huo tuligawana Akihabara na maduka ya mitumba ya Kanagawa tukitafuta choki zenye 50Hz. Tulipata tano peke yake, yen 700 kila moja. Fremu ni zile zile, choki tu ndio zimebadilishwa na mwenye leseni. Vitambaa havikufika. Tukacheza jana na tyubu tano, ukuta mtupu mweusi wa ukumbi, Ami akipitishwa kwa amplifaya ya kukopa yenye athi.

Kwa mara ya kwanza nyuzi ziko mara nne ya mvumo kama tulivyoanza Mombasa, na tulikuwa na zile dakika 20 tulizozitupa. Nilidhani tutazirudisha. Ami hakutaka. Alianza na mpangilio wa Nagoya, ule wa kungoja, kwenye sauti iliyotulia, na kukatokea kitu ambacho hakuna kati yetu alikipanga: muziki unauliza na chumba kinajibu papo hapo. Dada alilala chini karibu dakika sita bila kusogea, chini ya tyubu moja. Watu hawakukohoa.

12 Septemba 2024: hesabu na kinachofuata

Mzigo ulifika siku tatu baada ya onyesho. Tumeuacha kwa mtu wa taa.

Pesa: tiketi za miji mitatu hazikufika nusu ya gharama, ruzuku imeziba karibu yote iliyobaki, na pengo la njia ya Tsuruga tumeligawana. Lililotugharimu bila kuwa kwenye bajeti ni transfoma, kitambaa chenye lebo, choki za mara ya pili na ile 20.42%. Lililotugharimu kidogo kuliko tulivyodhani ni tyubu. Kwa mwenye kuanza, weka pesa ya fundi umeme mwenye leseni kabla ya pesa ya mabango.

Kwa kuiga, mpangilio wa vifaa uko hivi: fremu za tyubu za futi nne zenye choki ya chuma na stata (zile za kielektroniki hazivumi), choki seti mbili zimewekwa alama ya rangi, nyekundu 60, buluu 50, na kabla ya kuwasha popote mtu mmoja asome kibandiko kwa sauti na mwingine arudie. Kipaza sauti cha kubandika kimoja kwa kila choki mbili. Athi kwanza, ala baadaye.

Kinachofuata ni Mombasa, Januari. Volti 240, hezi 50, kwa hivyo choki za Japani hazifai hata moja, tutanunua za Mombasa kwenyewe, kwa mafundi bado zipo. Dada ameshaomba kibali cha kuingia Kenya. Mwalimu wa wale kina mama wa Nagoya ameandika kuuliza kama ala zao zikikaa kwenye 400 kwa muda mrefu zitaharibika, na kwamba wanne wao wangependa kuja. Nimemjibu kuhusu nyuzi: wachukue nyembamba, na wapandishe siku ile ile ya mazoezi, wasisafiri nazo zimekazwa. Kuhusu nauli yao naandika maombi ya ruzuku wiki hii.